Kuzalisha hoho inayokinza virusi kutoka kwa wazazi wawili wanaougua

Mwongozo huu ni wa mtu anayezalisha mbegu mwenyewe, mwenye banda la neti na subira ya misimu kadhaa. Tunapambana na virusi vya PVMV (Pepper veinal mottle virus, virusi vya batobato ya mishipa ya pilipili), ambavyo kwa mara ya kwanza vilielezwa kutoka Ghana mwaka 1971. Majani hupata batobato inayofuata mishipa, hujikunja, na matunda hudumaa. Huenezwa na vidukari, wale ambao wakulima wengi huwaita wadudu mafuta. Kidukari huvichukua na kuviacha kwa kuonja jani muda mfupi sana, kwa hiyo unapopulizia dawa mara nyingi virusi vimeshaingia. Kinga ya kweli iwe ndani ya mbegu.

Kwanza elewa jeni

Usiruke sehemu hii, kwa sababu hatua zote zinazofuata zinaitegemea. RNA ya virusi hivi, yaani maelekezo yake ya urithi, ina protini iliyobandikwa nchani, iitwayo VPg. Ili seli ya pilipili ianze kuisoma RNA hiyo na kuzalisha virusi vipya, VPg lazima ishikane na protini ya mmea wenyewe, eIF4E. Jeni inayotengeneza eIF4E iko kromosomu ya 4 na inaitwa pvr2. Katika aleli (toleo la jeni) ya pvr2², asidi amino chache zimebadilika: mmea unaendelea kuitumia protini yake vizuri, ila VPg za baadhi ya virusi haziwezi kushikana nayo tena.

Shida ni kwamba pilipili ina protini pacha, eIF(iso)4E, kutoka jeni ya pvr6 kwenye kromosomu ya 3. PVMV wanaweza kutumia yoyote kati ya hizo mbili. Ukifunga mlango wa mbele, wanapita wa nyuma. Mwaka 1996 watafiti wa Ufaransa walichukua pilipili mbili zinazougua PVMV, Florida VR2 yenye pvr2² na Perennial yenye pvr6 iliyoharibika, wakapata wajukuu wasiougua kabisa. Kwangu mimi huu ni mmoja wa ugunduzi mzuri zaidi katika kilimo cha mboga.

Jeni zote mbili ni fiche. Mmea hukinza pale tu unapozirithi kutoka pande zote mbili, kwa baba na kwa mama.

Hatua ya 1: Wazazi

Omba mbegu za mistari hiyo miwili kwenye benki ya mbegu inayotunza namba za usajili, upate kitu chenye asili inayojulikana. Panda pia California Wonder, itakayokuwa mmea wako wa kulinganishia.

Hatua ya 2: Kuvusha chavua

Fanya asubuhi, jua halijachoma. Chagua chipukizi la ua lililovimba na kuwa jeupe, linalokaribia kufunguka kesho. Fungua petali kwa kibano chenye ncha nyembamba, ng'oa vifuko vyote vya chavua vikiwa bado havijapasuka. Ukiona vumbi la njano, achana na ua hilo. Pakaza chavua ya mzazi wa pili kwenye ncha ya pistili, funga uzi wa rangi kwenye kikonyo, kisha funika. Kibano kipanguse kwa spiriti kabla ya ua linalofuata. Tunda litaiva baada ya takriban miezi miwili.

Hatua ya 3: Usiitupe F1

Hapa ndipo kazi nyingi hufia. Chotara wote wa F1, yaani kizazi cha kwanza, wataugua ukiwaambukiza, kwa kuwa kila mmoja ana nakala moja ya kawaida ya kila jeni. Wala huhitaji kuwaambukiza. Watunze ndani ya neti wakiwa wazima, wajichavushe wenyewe, uvune mbegu za F2, kizazi cha pili.

Hatua ya 4: Idadi ya F2

Kwa jeni fiche moja, mmea 1 kati ya 4 hukinza. Kwa mbili zilizo kwenye kromosomu tofauti ni 1 kati ya 16. Ukitaka uhakika wa asilimia 99 wa kupata angalau mmea mmoja, unahitaji miche 72. Mimi nashauri 96 au zaidi, upate nafasi ya kuchagua tunda zuri pia.

Hatua ya 5: Kuambukiza kwa makusudi

Tumia virusi vya eneo lako, vilivyothibitishwa maabara. Usisafirishe jani gonjwa kutoka wilaya nyingine. Saga majani machanga yenye dalili kwenye kinu kilichopozwa pamoja na bafa ya fosfeti (maji yenye chumvi za kutuliza asidi). Nyunyiza unga laini wa kaborandamu, unaokwaruza jani ili virusi viingie, kwenye jani la mche, sugua polepole kwa kidole chenye glavu, kisha suuza kwa maji. Rudia baada ya wiki moja kwa miche yote, kwa sababu mche uliokwepa hufanana kabisa na mche unaokinza. Kama California Wonder hazijaugua karibu zote, jaribio halifai. Baada ya wiki tatu au nne, mche usio na dalili upimwe kwa ELISA, kipimo cha maabara kinachoonyesha kama virusi vimo.

Hatua ya 6: Kuhesabu

Kwenye miche 96 unategemea 6 inayokinza. Ukipata 4, kaimraba (kipimo cha tofauti kati ya ulichopata na ulichotegemea) ni kama 0.71, chini ya kikomo cha 3.84, kwa hiyo hesabu inakubali. Ukipata 20, uambukizaji ulikuwa hafifu, rudia.

Ukitaka kurejesha umbo la hoho ya sokoni, vusha na California Wonder. Watoto watakuwa wagonjwa tena, hivyo kila kizazi ama ukichavushe chenyewe na kukipima, ama utumie alama za DNA kuona jeni zilizojificha.

Hatua ya 7: F3

Vuna kila mmea unaokinza kwenye mfuko wake, kisha ambukiza watoto wake. Hapa jeni fiche hukulipa: familia nzima inapaswa kukinza. Mmoja akiugua, ama chavua ya nje iliingia ama mama yake alikwepa virusi, na familia hiyo iondolewe.