Somo: Kuthibitisha nchi ya asili ya virutubisho unavyoagiza

Naandika somo hili kwa kuwa nimechoka kuulizwa jambo lile lile dukani, barazani, na hata ndani ya boti ya Mokowe: "Nimenunua Dubai, mbona forodha wanasema mali si ya Dubai?"

Kwanza, soma lebo ya chupa kabla ya kulipa.

Pili, mtake muuzaji ankara na orodha ya upakiaji zinazotaja nchi ya utengenezaji wa kila bidhaa.

Tatu ni cheti cha asili, yaani hati inayotaja nchi ilikotengenezwa bidhaa, na hapa ndipo nilipoungua. Niliagiza vidonge vya mafuta ya habasoda kwa muuzaji wa Dubai, naye akanipa cheti kinachosema asili ni Falme za Kiarabu, nami nikakipokea kwa kuwa mhuri wake ulikuwa mkubwa. Katoni ilipofunguliwa Mombasa, afisa aliizungusha chupa polepole, akaweka ukucha chini ya maandishi madogo kama sisimizi: imetengenezwa Misri, imefungashwa Dubai. Mzigo ukalala, na gharama za ghala nikazilipa mimi. Kutia mali kwenye chupa na kuibandika lebo hakubadilishi asili yake. Asili hufuata kazi iliyoigeuza malighafi kuwa kitu kingine. Tahadhari: usimwombe muuzaji "akurekebishie" cheti, kwani tamko la uongo huandikwa kwa jina la mwagizaji.

Nne, jina la bidhaa, idadi, uzito na nambari ya ankara vilingane katika hati zote.

Tano, cheti cha asili hakichukui nafasi ya kibali cha Bodi ya Famasia na Sumu, wasimamizi wa dawa hapa Kenya.

Swali (Malindi): Maalim, mimi pia nimenunua Dubai. Niandike asili ni Dubai?

Jibu: Rudi hatua ya tatu, ndugu yangu, uisome yote.

Swali (Malindi): Kumbe wewe mwenyewe ulipeleka cheti cha uongo!

Jibu: Nilipeleka nisichokisoma, nikatozwa kwa uvivu wangu. Ningetaka kuficha, nisingeyaandika haya.

Swali (Shela): Assalaam alaykum Maalim. Mbegu zikitoka Ethiopia, zikakamuliwa na kufanywa vidonge Misri, huhesabiwa vipi?

Jibu: Waalaykum salaam, dada, umeuliza swali zuri. Asili ni Misri, na kwa kuwa Ethiopia, Misri na Kenya zote zimo katika COMESA, soko la pamoja la nchi za Mashariki na Kusini mwa Afrika linalopunguziana ushuru, mbegu hizo hazihesabiwi kuwa malighafi ya kigeni. Ganda la jelatini likitoka Pakistan, hilo ni la kigeni. Lakini bidhaa bado hustahiki nafuu ya ushuru iwapo malighafi za kigeni hazizidi asilimia 60 ya gharama ya malighafi zote, au thamani iliyoongezwa kiwandani ikifika asilimia 35 ya gharama ya bidhaa itokapo kiwandani. Cheti cha COMESA lazima kitolewe Misri kwenyewe, na mzigo usafirishwe moja kwa moja kuja Kenya. Ukiupitisha kwa mfanyabiashara wa Dubai, unaihatarisha nafuu hiyo.

Swali (Shela): Na hiyo jelatini, nitajuaje kuwa ni halali?

Jibu: Cheti cha asili hakisemi lolote kuhusu hilo. Mwombe mtengenezaji cheti cha halali kinachotaja ganda lenyewe, maana vingi hutaja mafuta tu.