Somo: Lori huanza kuendeshwa chini, kabla ya kupanda

Wadogo zangu mnaoanza, swali ninaloulizwa zaidi ni hili: nitazoea lini ukubwa wa lori? Utauzoea mapema kuliko unavyodhani. Ndani ya miezi michache macho yako kwenye vioo yatakuwa yameshajua urefu wa trela. Kinachochelewa, na wengine hawakipati kabisa, ni wepesi wa kushuka: kushuka kugusa tairi, kushuka kutazama pini inayounganisha trela na kichwa, kushuka kabla ya kurudi nyuma mahali usipopaona. Nimeendesha miaka mingi, na madereva niliowaona wakistaafu wazima ni wale waliokuwa hawaoni uvivu kufungua mlango. Kwa hiyo sehemu kubwa ya somo hili utaifanya ukiwa umesimama chini.

Hatua ya 1: Leseni, kisha mtu wa kukaa naye

Leseni ya magari mazito, kipimo cha macho na cha afya, fuata utaratibu wa nchi yako bila njia za mkato. Ukishaipata, tafuta kiti cha pembeni kwa dereva mzoefu. Kama nafasi iliyopo ni ya utingo, ichukue bila kuona haya. Anayekaza mikanda, anayefunga turubai, anayebadilisha tairi juani, analijua lori kwa viganja vyake kabla hajashika usukani. Mwalimu wako awe yule ambaye mzigo wake unafika mzima. Anayesifiwa kwa kuwahi kufika, muache.

Hatua ya 2: Zunguka lori kila asubuhi

Anzia mahali pamoja kila siku, tuseme mlango wa dereva, uzunguke upande uleule. Mwili ukizoea njia moja, siku utakayoruka kitu utahisi kuna kilichobaki.

Kabla ya kuwasha, lori likiwa mahali tambarare, pima oili na maji. Inama uangalie chini ya uvungu kama kuna kilichodondoka usiku. Halafu nati za matairi: ukiona mstari wa kutu umechirizika kutoka kwenye nati kuelekea nje kama chozi, nati hiyo huenda imelegea. Kutu ya namna hiyo huonekana siku nyingi kabla tairi halijachomoka, na kuiona hakuhitaji kifaa chochote.

Kwenye matairi pacha ya nyuma, ingiza mkono katikati. Jiwe likibanwa pale litayakata yote mawili, au litaruka kwenye kioo cha anayekufuata. Pima upepo wa tairi la ndani kama unavyopima la nje. Watu wengi hawalipimi kwa sababu halionekani, na pacha mmoja akiwa laini, mwenzake anabeba mzigo wa wote wawili. Laini linajikunja, linapata joto, na joto likizidi mpira unaweza kushika moto. Ukisimama njiani, pitisha mgongo wa kiganja karibu na kila tairi. Lenye joto kuliko wenzake lina jambo: upepo mdogo, breki iliyoganda au beringi.

Taa, honi, vioo, wipa, hayo ni ya dakika chache. Mitungi ya upepo wa breki ifungue valvu itoe maji yaliyokusanyika. Mzigo nao utazame. Baada ya kilomita 50 hivi za mwanzo simama ukaze mikanda tena, kwa sababu mzigo hutulia na mkanda uliokuwa umekaza kama uzi wa gitaa unakuwa umelegea.

Hatua ya 3: Kuunganisha kichwa na trela

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo nilipojifunza kwa maumivu. Mwaka wangu wa pili kazini nilirudisha kichwa chini ya trela usiku. Nikasikia ule mlio wa chuma kufunga, nikavuta kidogo, trela likashika. Nikapandisha miguu ya trela, ile inayolishikilia likiwa bila kichwa, nikaondoka. Kwenye kona ya kwanza, nikiwa bado natambaa, kichwa kilikwenda na trela likabaki. Lilipiga pua chini, mipira ya upepo ikakatika, na ule mwekundu ukawa unaning'inia nyuma ya kebini ukipiga kelele. Hakuumia mtu. Tochi ilikuwa kwenye mfuko wa shati langu wakati wote huo.

Trela lilikuwa limesimama juu mno. Pini haikuingia ndani ya taya za sahani, lile bamba la chuma nyuma ya kichwa linaloishika pini, ilikalia juu yake. Taya zikafunga chini ya pini, mlio ukasikika, na hata kuvuta kidogo kukadanganya.

Tangu siku hiyo nafanya hivi. Narudi taratibu, nasimama kabla sahani haijaifikia pini, nashuka. Trela linatakiwa liwe chini kidogo kiasi kwamba sahani ikiingia ilinyanyue. Nikiona uwazi mkubwa, nashusha trela kwa miguu yake kwanza. Nikishaingia na kufunga, naweka breki za trela, navuta mbele kwa gia ya chini kuona kama linashika. Kisha tochi mkononi naingia chini: sahani na trela vigusane bila uwazi, na taya ziwe zimeizunguka pini. Nikiona kwa macho yangu, ndipo miguu inapanda.

Hatua ya 4: Upepo na mteremko

Breki za lori zinatumia upepo, na dereva asiyeelewa upepo ataishi kwa kubahatisha. Kompresa inajaza mitungi, kwenye malori mengi hadi baa 8 au zaidi. Upepo huo huo ndio unaozuia springi kali zisifunge breki za kuegesha. Ukiisha, springi zinaachia na lori linajifunga lenyewe. Kwa hiyo usiondoke kabla geji haijapanda, na kengele ya upepo mdogo ikilia njiani, tafuta pa kusimama mara moja, wakati bado ni wewe unayechagua mahali.

Mteremko una hatari ya aina nyingine. Upepo unaweza kuwa umejaa na breki zisishike. Ukikanyaga muda mrefu, joto linapanda, ngoma inatanuka ikisogea mbali na viatu vya breki, na bitana, ule utando wa viatu unaosugua ngoma, zikichemka hupoteza nguvu ya kushika. Utasikia harufu ya kuungua, pedali itashuka zaidi ya kawaida, na mwendo hautapungua.

Dawa yake iko juu ya kilima. Chagua gia ya chini kabla hujaanza kushuka, kwa sababu ukishachanganya mwendo huenda gia isikubali kuingia. Acha injini na breki ya eksozi, ile inayobana moshi wa injini ili ikuvute nyuma, zibebe kazi. Breki ya mguu ikanyage kwa uthabiti upunguze mwendo, kisha iachie ipoe, halafu rudia. Atakayekupigia honi nyuma mpishe ukipata nafasi, usimuongezee mwendo.

Hatua ya 5: Kona na kurudi nyuma

Matairi ya nyuma ya trela hayafuati njia ya kichwa, hukata ndani ya kona. Kwa hiyo nenda mbele zaidi kuliko moyo wako unavyotaka ndipo ukate, na kioo cha upande wa ndani usikiache hata sekunde, maana mwenye baiskeli huingia hapo.

Kurudi nyuma na trela, usukani unafanya kinyume: ukikata kulia, mkia wa trela unakwenda kushoto. Mbinu inayowasaidia wengi ni kushika usukani chini kabisa. Mkono ukienda kushoto, mkia nao unakwenda kushoto. Kata kidogo, subiri trela lijibu, kisha lifuate. Ukiona linaanza kujikunja, nenda mbele ulinyooshe, uanze upya. Na kabla ya yote hayo shuka utembee hadi unapotaka kulaza mkia, uangalie juu pia: nyaya, matawi, paa.

Hatua ya 6: Usingizi

Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa lori linapita mita 22 kila sekunde. Ukisinzia sekunde 4 tu, umetembea karibu mita 90 bila dereva. Redio, dirisha wazi na kahawa havilipi deni la usingizi. Sheria za Umoja wa Ulaya zinataka mapumziko ya dakika 45 baada ya kuendesha saa 4 na nusu. Marekani, anayebeba mizigo haruhusiwi kupita saa 11 za kuendesha, baada ya kupumzika saa 10 mfululizo. Hata kama uliko hakuna anayekuhesabia, jihesabie. Ukishindwa kukumbuka kilomita chache zilizopita, tayari umechelewa kusimama.

Maswali ya wanachama

Swali: Shikamoo kaka. Nina wiki ya tatu, jana nimegonga nguzo nikirudi nyuma, watu wakanicheka hadharani. Najiuliza kama kazi hii ni yangu.

Jibu: Marahaba mdogo wangu, pole sana. Wiki ya tatu ni changa mno kwa uamuzi huo. Nikuulize: ulishuka kuitazama hiyo nguzo kabla? Kama hukushuka, basi umeshapata somo lako, na halihusiani na kipaji. Omba uwanja mtupu nusu saa kila siku, panga madebe mawili, rudi katikati yake. Wanaokucheka waache wasubiri wakati unashuka mara ya pili na ya tatu. Hakuna anayelipia nguzo kwa niaba yako.

Swali: Mimi ni mwanamke, tena mwembamba. Kuendesha naweza, ila naogopa nati na miguu ya trela.

Jibu: Karibu sana dada yangu. Usukani una pawa, na nati inataka mpini mrefu kuliko misuli: ongeza bomba kwenye spana ukiwa unafungua, utumie uzito wa mwili. Mpini wa miguu ya trela nyingi una gia mbili. Usukume au uuvute utapata ile ya mzigo mzito, inazunguka mara nyingi lakini inanyanyua kwa wepesi. Na kishikio cha kufungua sahani kikigoma usikivute mpaka mgongo uume, pini imebana. Rudisha kichwa nyuma kidogo ikae huru, uweke breki, ujaribu tena. Wanaume wengi wanapigana nacho kwa sababu hawajui hili.

Swali: Dereva ninayekaa naye anatia nyutro kwenye mteremko, anasema anabana mafuta. Ni kweli?

Jibu: Si kweli. Injini za dizeli za siku hizi, lori likiwa kwenye gia na mguu umetoka kwenye mafuta, hukata mafuta kabisa, magurudumu ndiyo yanayoizungusha. Ukitia nyutro inabidi ichome mafuta isizimike, na wewe umepoteza breki ya injini. Ni mkubwa wako, usimbishie mbele za watu. Mkiwa mmesimama mwambie, "Kaka, naomba nikuulize kuhusu nyutro." Siku usukani ukiwa wako, shuka kwa gia.

Swali: Tajiri anataka niondoke na gari linalovuja upepo. Nikikataa nitafukuzwa.

Jibu: Naelewa ndugu yangu, kazi ni ngumu kupata. Usikatae kwa ukali, mwonyeshe. Zima injini mbele yake, mtazame pamoja geji ikishuka, msikilize mnakosikia mlio. Mara nyingi ni mpira uliochanika au kiungio, fundi anamaliza kwa muda mfupi. Andika tatizo hilo na tarehe, ubaki na nakala. Akisisitiza bado, usiondoke. Siku breki zikigoma, aliyeko kwenye usukani ni wewe, na aliyeko mbele yako barabarani hamjui tajiri wako.

Swali: Kesho naondoka peke yangu mara ya kwanza. Nimeshindwa hata kula.

Jibu: Hofu hiyo itakufanya uangalie vizuri, usiione kama ugonjwa. Leo usiku pima urefu wa lori lako kwenda juu likiwa na mzigo, uandike kwenye karatasi uibandike mbele yako, ukifika kwenye daraja usianze kukisia. Nyaraka ziweke mahali pamoja. Lala mapema. Asubuhi ongeza nusu saa ya kuzunguka bila haraka. Njiani ukikosea njia usigeuze mahali pabaya, endelea mpaka pa kugeuzia. Ukifika, egesha, acha injini ingurume dakika tatu hivi turbo ipoe, ndipo uzime. Halafu utuandikie hapa kwamba umefika, tunasubiri.