Jinsi ya kusoma majibu ya HLA na kingamwili za kisukari aina ya kwanza

Mtoto mmoja akigundulika na kisukari aina ya kwanza, swali la pili nyumbani huwa: na wadogo zake je? Maabara inaweza kujibu kwa vipimo viwili. Jeni za HLA, zinazoisaidia kinga ya mwili kutofautisha kilicho chake na kigeni, ziko kwenye kromosomu ya 6, nazo zinaonyesha nani amezaliwa na mwelekeo wa ugonjwa. Kingamwili zinaonyesha kama kinga ya mwili imeshaanza kuligeukia kongosho. Majibu ya jeni ni yale yale maisha yote, ya kingamwili hubadilika.

Tuanze na damu. Kwa jeni, chukua mililita 2 hadi 4 kwenye chupa ya kifuniko cha zambarau, uigeuzegeuze taratibu mara 8 hadi 10. Usitumie ya kijani: ina heparini, ambayo huzuia PCR, yaani njia ya kuzidisha DNA ili isomeke, na utamrudisha mtoto kuchomwa tena. Kingamwili zinataka seramu, yaani chupa nyekundu au ya njano, iachwe wima dakika 30 damu igande ndipo izungushwe kwenye mashine. Hakuna haja ya kufunga kula.

Agiza kingamwili zote 4: dhidi ya insulini, na dhidi ya protini 3 za seli za beta (seli za kongosho zinazotengeneza insulini), yaani GAD65, IA-2 na ZnT8. Ile ya insulini ina mtego wake. Mgonjwa akishachomwa sindano za insulini kwa wiki 2 hivi, mwili unaweza kutengeneza kingamwili dhidi ya dawa yenyewe, na kipimo hakiwezi kuzitofautisha. Kwa mtoto mchanga wa mama mwenye kisukari hiki, kingamwili za mama hupita kwenye kondo. Ukizikuta kabla ya umri wa mwaka na nusu, rudia baadaye kabla hujamtisha mtu.

Sasa HLA, mahali ambapo wengi huteleza. Haplotaipu, yaani fungu la jeni linalorithiwa pamoja kutoka kwa mzazi mmoja, mbili ndizo zenye hatari kubwa: DR3-DQ2 na DR4-DQ8 (DR na DQ ni makundi ya HLA, namba ni aina zake). Mwenye zote mbili, moja kwa baba na moja kwa mama, ana hatari kubwa zaidi. Hata hivyo, katika watoto 20 wa jamii ya kawaida wenye jozi hiyo, ni mmoja hivi tu atakayeugua. Aina ya jeni ya DQ iitwayo DQB1*06:02 kwa kawaida hukinga.

Karatasi iliyoandikwa "DR3" peke yake haitoshi, hasa kwa Mwafrika. DRB1*03:01 huongeza hatari, ilhali DRB1*03:02, inayopatikana zaidi kwa watu wenye asili ya Afrika, huelekea kukinga. DR7 ndiyo kigeugeu zaidi: kwa Wazungu huambatana na DQA1*02:01 na haileti hatari, lakini kuna DR7 ya Kiafrika iliyoshikana na DQA1*03:01 na DQB1*02:01, nayo ni ya hatari. Kwa hiyo dai tarakimu 4 za kila aleli, yaani toleo la jeni: DRB1, DQA1 na DQB1. Maabara ikikupa tarakimu 2 tu, omba kipimo kirudiwe kwa undani. Hapo usikubali mkato.

Kwa nini herufi hizi zina uzito? Molekuli ya DQ ni kama kiganja kinachoishikia seli T, askari wa kinga ya mwili, kipande cha protini. Kwenye nafasi ya 57 ya mnyororo wa beta, mmoja wa miwili inayounda molekuli hiyo, DQB1*06:02 ina asidi ya aspatiki. DQ8 ina alanini. Badiliko hilo dogo linabadilisha umbo la kiganja, vipande vya insulini vinashikwa kwa namna nyingine, seli T zinaamka na kuzisaidia seli B kutengeneza kingamwili. Ndiyo maana mwenye DR4-DQ8 mara nyingi huanza na kingamwili ya insulini, mapema, hata kabla ya miaka 2, na mwenye DR3-DQ2 huanza na ya GAD65, baadaye kidogo. Jeni nyingine, kama ya insulini yenyewe na PTPN22, huchangia kwa kiasi kidogo zaidi. Anayeua seli za beta hasa ni seli T. Kingamwili ni moshi wa moto huo.

Kingamwili moja ikionekana, rudia kwa sampuli mpya ndani ya miezi 3. Moja pekee inaweza kutoweka. Zikithibitika 2 au zaidi, mambo ni mengine: katika watoto waliofuatiliwa Ulaya na Marekani, karibu 70% waliugua ndani ya miaka 10. Huyo apimwe sukari kila miezi 3 akiwa chini ya miaka 3, kila miezi 6 hadi miaka 9, kisha kila mwaka. Sukari ya kufunga ikiwa 5.6 hadi 6.9 mmol/L, kongosho limeshaanza kushindwa.

Majibu hasi nayo yasomwe kwa uangalifu. Katika utafiti wa vijana wa Kameruni, Uganda na Afrika Kusini waliokuwa wakitibiwa kisukari aina ya kwanza, karibu theluthi mbili hawakuwa na kingamwili hizi. Usiache insulini kwa sababu ya karatasi. Mtoto mwenye kiu isiyokatika, anayekojoa usiku kucha na kukonda, akiwa na sukari ya 11.1 mmol/L au zaidi, aanzishiwe insulini siku hiyo hiyo. Majibu ya maabara yatamkuta wodini.