Somo: Volti ngapi zinatosha? Kuchagua betri za mashine za bustani zisizo na waya

Mvua za Dodoma huanza Desemba hivi na kukatika Aprili, na katika miezi hiyo michache uwanja uliokuwa vumbi tupu hugeuka kichaka chenye mbigili. Huo ndio msimu ambao watu huniuliza wanunue mashine ya volti ngapi, na mara nyingi anayeuliza ameshasimama dukani. Somo hili ni la mwenye kiwanja cha kawaida cha Ilazo, Kisasa au Nzuguni, anayetaka mashine ya kufyekea, ya kupunguzia ua, na labda msumeno mdogo wa mnyororo, zote zikitumia betri za aina moja. Kumbuka kwamba anayenunua mashine ya kwanza huwa amekwisha kuchagua na ya pili na ya tatu, kwa kuwa betri na chaja ndizo zenye gharama, na hazihamishiki kirahisi kwenda kwenye chapa nyingine.

Hatua ya 1: Hesabu seli kabla ya kuamini karatasi

Ndani ya kasha la betri mna betri ndogo-ndogo ziitwazo seli. Seli moja ya lithiamu inayotumika kwenye mashine hizi hutoa wastani wa volti 3.6, na ikijaa kabisa hufika 4.2. Seli 5 zikifuatana zinatoa volti 18 za wastani, na 21 zikiwa zimejaa. Ndiyo maana betri ambayo Ulaya huandikwa 18 huuzwa Marekani kwa namba 20: ni seli zilezile 5, ila mmoja ametaja wastani na mwingine ametaja kiwango cha juu. Vivyo hivyo 36 na 40 ni mfumo mmoja wa seli 10, na 54 na 60 ni mfumo mmoja wa seli 15. Kwa hiyo muuzaji akikuambia kwamba ya 20 ina nguvu kuliko ya 18, msikilize kwa adabu, kisha uendelee na hesabu yako.

Nami niliwahi kulipia somo hili. Nilinunua mashine ya kufyekea ambayo betri yake ilibandikwa karatasi yenye maandishi makubwa mekundu ya volti 128. Nilipofika nyumbani nikaijaza, nikagusisha nchani mwake waya za multimita, yaani kipimo cha umeme, ikasoma 20.6. Nikafungua skrubu nne za kasha. Ndani mlikuwa na seli 5 zilizobanwa upande mmoja, na upande wa pili mlijazwa kipande cha sponji ili zisicheze. Mashine yenyewe haikuwa mbaya. Ilikuwa mashine ya volti 18, na ningeilipa bei ya volti 18 kama ningejua.

Hatua ya 2: Zidisha upate wati-saa

Volti inaeleza msukumo wa umeme, lakini akiba iliyomo ndani ya betri hupatikana kwa kuzidisha volti kwa ampea-saa, yaani ile namba inayofuatwa na herufi Ah. Betri ya volti 18 yenye ampea-saa 5 ina wati-saa 90, na betri ya volti 36 yenye ampea-saa 2.5 ina wati-saa 90 zilezile. Hakuna ajabu hapo, kwa sababu kila moja inaweza kuwa imetengenezwa kwa seli 10 zinazofanana: katika ya kwanza zimepangwa safu mbili za seli tano-tano zilizounganishwa sambamba, na katika ya pili zote 10 zimefuatana kama mabehewa. Ni debe lilelile la mahindi, moja limemiminwa kwenye gunia pana na lingine kwenye gunia jembamba.

Sasa tuliweke kwenye kazi. Mashine ya kufyekea ikivuta wati 400 bila kupumzika, wati-saa 90 zitaisha baada ya dakika 13 na ushei. Kwa kweli mkono huachia kila mara, kwa hiyo utapata zaidi ya hapo, lakini usitegemee saa nzima kwa betri moja ya ukubwa huo, hata kama picha ya kwenye boksi inamwonyesha mzee akitabasamu katikati ya uwanja wa mpira.

Hatua ya 3: Jua volti kubwa inasaidia wapi

Wati ni volti mara ampea, yaani kipimo cha mkondo wa umeme. Kazi ya wati 800 kwenye volti 18 inahitaji ampea 44 hivi, na kwenye volti 36 inahitaji 22. Kwa zile betri mbili za seli 10 tulizozitaja, kila seli itabeba ampea 22 katika mifumo yote miwili, kwa hiyo zenyewe hazitaona tofauti. Tofauti iko kwenye waya, vibanio na swichi, ambako joto hukua kwa mraba wa mkondo: mkondo ukipungua nusu, joto kwenye waya uleule hupungua hadi robo. Kwa hiyo volti 36 ina maana pale ambapo mashine inakazwa kwa muda mrefu, kama kufyeka majani mazito ya mwezi wa tatu au kukata gogo la mgunga, ambao ni mti mgumu kwelikweli. Kwa ua wa michongoma au kwa kupuliza majani makavu ya mwarobaini, hutaona faida yake, isipokuwa uzito mkononi.

Hatua ya 4: Linganisha na uwanja wako

Pima eneo lenye majani peke yake, bila nyumba na bila zege. Kiwanja cha mita 30 kwa 20 mara nyingi hubakiwa na nusu au chini ya hapo. Ukifyeka kila wiki mbili wakati wa mvua, volti 18 na betri mbili za ampea-saa 4 au 5 zinatosha, kwani moja itakuwa kazini na nyingine kwenye chaja. Ukiwa ni mtu wa kusubiri hadi majani yafike magotini, au ukifyeka kwa malipo nyumba nne kwa siku, nenda moja kwa moja kwenye mfumo wa volti 36. Mfumo wa 54 na kuendelea sioni kazi yake kwenye kiwanja cha makazi. Mwenye ekari kadhaa Kongwa au Bahi ningemshauri abaki na mashine ya petroli kwa kufyeka, betri aziachie kazi za karibu na nyumba.

Hatua ya 5: Kagua chaja, kisha fikiria joto

Chaja isomeke volti 220 hadi 240, hezi 50. Uniti moja ya LUKU, ambayo ni kilowati-saa moja, itajaza betri ya wati-saa 90 karibu mara 9 hata ukiondoa upotevu, kwa hiyo umeme usikutie hofu. Kitakachokusumbua hapa kwetu ni joto. Betri za lithiamu kwa kawaida hazipaswi kuchajiwa zikiwa zimepita nyuzi 45 za selsiasi, na betri iliyotoka kazini saa nane mchana ikawekwa kwenye stoo ya bati huvuka hapo bila shida. Chaja nzuri itakataa na kumulika taa hadi ipoe; chaja mbaya itaendelea. Iache kivulini nusu saa kwanza. Kiangazi, mashine inapolala miezi mingi, ihifadhi betri ikiwa na chaji nusu, ndani ya nyumba, kwa sababu ikilala tupu inaweza kushuka hadi chaja isiitambue tena.

Maswali ya wanachama

Mwanachama wa Mtumba anauliza: "Fundi, nina drili ya volti 18 na betri zake nne. Je, ninunue mfumo mpya wa volti 40 kwa ajili ya bustani?"

Hapana, ndugu yangu, tafuta kwanza mashine ya kufyekea ya chapa hiyohiyo inayouzwa bila betri. Hakikisha tu kwamba betri inaingia, kwa sababu kulingana kwa volti hakutoshi: Bosch, kwa mfano, ina mashine za kijani na za bluu, zote za volti 18, na betri zake haziingiliani.

Mama wa Hombolo anauliza: "Mwalimu, nina shamba la mizabibu na shambani hakuna umeme. Mikasi ya betri ya kupogolea inahitaji volti ngapi, na naweza kuichaji kwa sola?"

Shikamoo mama. Mikasi huvuta umeme kwa sekunde moja tu kila inapofunga, kwa hiyo betri ndogo ya volti 18, au hata ya seli 4, itakufaa, na wepesi wake mkononi utauona ukifika mstari wa kumi. Kwa sola, paneli ichaji betri kubwa kupitia kidhibiti chake, kisha inveta iendeshe chaja iliyokuja na mikasi. Usiunganishe paneli moja kwa moja kwenye betri ya lithiamu, kwani hakuna kitakachoizuia kupita kiwango ikijaa.

Mwanachama wa Area C anauliza: "Dada yangu anakuja kutoka Marekani. Je, aniletee mashine ya DeWalt ya volti 20?"

Mashine na betri vitafanya kazi, maana 20 ya Marekani ni 18 ya chapa hiyo kwingineko, na betri zinaingiliana. Chaja ya huko ndiyo ya kuacha, kwa kuwa nyingi hutengenezwa kwa volti 120 na zitaungua kwenye soketi yako. Tafuta ya volti 230. Betri za akiba azibebe kwenye mzigo wa mkononi, ncha zake zikiwa zimefunikwa. Zisizozidi wati-saa 100 kwa kawaida hupita bila kibali, na kuanzia hapo hadi 160 aombe ruhusa ya shirika la ndege kabla ya safari. Ile ya volti 18 na ampea-saa 5 ina 90, ila ya volti 36 na ampea-saa 4 ina 144.

Mwanachama wa Veyula anauliza: "Kaka, naweza kuunga betri mbili za 18 nipate 36?"

Makita wana mashine zenye nafasi mbili za kuchomeka betri za volti 18, nazo huziunganisha zenyewe kwa mfuatano. Hizo zimeundwa hivyo, na zina saketi inayozima mashine betri moja inapoishiwa. Kufanya hivyo kwa waya zako kwenye mashine ya volti 18 kutaunguza mota au saketi yake, pengine kabla hujamaliza kona ya kwanza ya uwanja.