Oili ya giaboksi na difu kwenye SUV ndogo ya miaka mingi

Kabla ya kununua oili, jua giaboksi yako ni ya aina gani. Ukiona pedali tatu, ni manyuali. Kwenye pedali mbili ndipo watu hukosea, maana otomatiki ya kawaida na CVT zote zina P, R, N na D. Kanyaga mafuta huku ukitazama mshale wa mzunguko wa injini. Otomatiki ikibadili gia, mshale hushuka kisha hupanda tena. Kwenye CVT hutulia karibu palepale huku mwendo ukiongezeka, kwa kuwa ndani kuna mkanda wa chuma unaozungushwa na puli mbili. Ukitia ATF (oili ya giaboksi za otomatiki) ya kawaida humo, mkanda huteleza na kukwaruza puli.

Hata otomatiki zenyewe hazitumii oili ya aina moja. Honda CR-V ya 2002 hadi 2006 ilianza na ATF-Z1, ambayo nafasi yake imechukuliwa na DW-1. RAV4 otomatiki ya 2001 hadi 2005 hutumia T-IV, wala si WS. X-Trail T31 ya CVT hutumia NS-2. Kopo lililoandikwa “kwa magari yote” liache dukani.

Kupima nako kuna utaratibu wake. Kwenye Honda, injini ipate moto hadi feni ya radieta iwake mara mbili, egesha pasipo mteremko, zima, kisha chomoa kijiti ndani ya dakika moja na nusu. Kwenye RAV4 injini inaendelea kunguruma: pitisha lever kwenye kila gia, rudi P, ndipo upime. Ukifuata utaratibu wa gari jingine utasoma kipimo cha uongo na kujaza kupita kiasi.

Sasa kumwaga, tukichukua hiyo CR-V ya gia nne. Weka gari kwenye stendi, usitegemee jeki peke yake, na acha oili ipoe hadi iwe vuguvugu. Nati ya kumwagia ina tundu la mraba linaloingia racheti ya inchi 3/8 moja kwa moja, bila soketi. Zitatoka takribani lita 3 tu. Nyingine zaidi ya 4 hubaki ndani ya konvata (inayounganisha injini na giaboksi) na mifereji. Tazama sumaku ya nati: uji laini wa kijivu ni uchakavu wa kawaida, lakini vipande vinavyoshikika kwa vidole ni chuma kinachovunjika. Funga kwa wosha mpya, ukikaza kwa nguvu ya Nm 49, kisha rudisha kiasi kilekile kilichotoka. Endesha kilomita chache ukipita gia zote, mwaga tena, na urudie mara ya tatu. Hapo karibu asilimia 80 ya oili itakuwa mpya. Kusukuma oili kwa mashine ya presha kwenye giaboksi iliyochakaa hatukushauri, kwani uchafu uliotulia huweza kung'oka na kuziba vali. Oili ikiwa nyeusi, inanuka kuungua na gia tayari zinateleza, klachi za ndani zimekwisha. Oili mpya haitazifufua.

Baada ya hapo, kila kilomita 40,000 mwaga mara moja.

Kwa manyuali kazi ni fupi: jaza hadi oili ianze kuchuruzika kwenye tundu la kujazia. Ila usitie GL-5 (daraja la oili ya gia, hasa za difu) pasipotakiwa, kwani baadhi yake hula shaba ya sinkronaiza, pete zinazosaidia gia kuingia kwa ulaini.

Difu ya nyuma, inayogawa nguvu kwa magurudumu ya nyuma, ndiyo husahaulika zaidi. CR-V ya 4WD (inayosukumwa na magurudumu yote manne) ikiguna na kutetemeka unapokata kona kali polepole, mara nyingi oili yake imechoka. Inataka takribani lita 1 ya Dual Pump Fluid II, si oili nzito ya difu, maana ndani mna klachi. Fungua nati ya kujazia kwanza, kabla ya ile ya kumwagia: ikigoma, oili ya zamani bado imo na gari linatembea. Ukishajaza, zungusha gari taratibu usukani ukiwa umekatwa hadi mwisho, kushoto kisha kulia, ili oili mpya ifike kwenye klachi.