Jinsi ya kumpima mzee wako nguvu nyumbani, kwa kamba ya mita 4, kiti kimoja na daftari

Mwaka juzi nilipata kibarua cha kukusanya takwimu za utafiti wa wazee katika vijiji vya wilaya ya Chamwino, mkoani Dodoma. Kwa miezi minne nilizunguka na kishikwambi, kamba, saa ya kuhesabia sekunde na kiti kimoja cha mbao kwenye pikipiki. Nilipima mabibi na mababu wa watu mpaka nikawa naota dodoso. Kisha Jumamosi moja nikapanda gari la Mvumi kwenda kumwona mama. Nilimkuta amekaa kwenye kigoda mlangoni. Aliponyanyuka kunipokea alishika mwimo wa mlango kwa mikono yote miwili, akajivuta kama mtu anayetoka kisimani.

Niliona aibu. Wa watu nimewapima, wangu nilikuwa namwamkia, naacha sukari na sabuni, nageuza kurudi mjini.

Kaka yangu alikuwa ameshampeleka kwenye zahanati akilalamika miguu haina nguvu. Jibu alilopewa ni "huu ni uzee tu", na vidonge vya maumivu. Mama ana miaka 74. Uzee anao, sikatai. Lakini bibi mmoja niliyempima siku hizohizo, aliyemzidi mama miaka sita, alikuwa bado anapalilia karanga zake mwenyewe. Kama ni uzee tu, mbona wa yule bibi haukumfunga miguu?

Watafiti wanaouchunguza udhaifu wa uzeeni wanautofautisha na umri. Ukitaka kuuelewa, fikiria kihenge. Mwaka wa mvua nzuri kila nyumba inaonekana sawa, hakuna anayejua cha nani kimebaki na debe moja. Ukame ukiingia ndipo unajua. Mzee mwenye akiba mwilini akiharisha siku tatu, wiki ya pili yuko shambani. Asiye na akiba anaharisha siku tatu zilezile, analala mwezi, na akiinuka hawezi tena kwenda chooni peke yake.

Mwaka 2001 Linda Fried na wenzake huko Marekani walitumia taarifa za watu zaidi ya 5,000 wenye umri wa miaka 65 na kuendelea, wakaweka dalili tano: kupungua uzito bila kukusudia, kuchoka, kutembea polepole, mkono kukosa nguvu ya kushika, na kupunguza shughuli. Mwenye tatu au zaidi anahesabiwa dhaifu. Mwenye moja au mbili yuko njiani kuelekea huko, na huyu ndiye wa kumuwahi. Kenneth Rockwood wa Kanada ana njia nyingine, ya kuhesabu kasoro zote za kiafya alizonazo mzee, lakini hiyo inahitaji orodha ndefu. Kwa nyumbani hizi tano zinatosha.

Kwetu Tanzania wazee wamefuatiliwa kwa miaka mingi wilayani Hai, Kilimanjaro, kuanzia usahaulifu mpaka udhaifu wenyewe. Somo moja kwa yeyote anayepima wazee vijijini ni kwamba maswali ya Wamarekani hayabebeki yalivyo. Dodoso lao la shughuli linauliza habari za gofu na tenisi. Hebu kamuulize mgogo wa Mvumi kama wiki hii amecheza gofu.

Mwendo: kamba ya mita 4

Hiki ndicho kipimo ninachokiamini kuliko vyote, na hakina gharama. Pima kamba mita 4 kwa futi ya fundi cherehani (urefu wake ni sentimita 150, kwa hiyo mara mbili kamili, kisha sentimita 100). Ilaze uani penye udongo mgumu, ufagie kokoto, chora mstari mwanzo na mwisho.

Mwambie atembee mwendo wake wa kila siku, kama anaenda dukani. Hapa ndipo wengi wanakosea. Mzee akijua anatazamwa atakimbia kama anawahi basi la saa kumi na moja alfajiri, au atatembea kwa madaha kama bibi harusi. Mama alifanya yote mawili. Nilichofanya ni kumtuma: "Mama, niletee kile kikombe pale jikoni." Kikombe nilikiweka mbele, mbali na mstari wa mwisho, kwa sababu ukimwambia asimame kwenye mstari ataanza kupunguza mwendo kabla hajaufikia. Anza kuhesabu kwa simu anapoinua mguu, simamisha akivuka mstari wa pili. Rudia mara mbili, andika muda ulio mfupi. Kama anatumia mkongojo, mwache nao na uandike hivyo.

Mita 4 kwa sekunde 5 ni sawa na mita 0.8 kwa sekunde. Akichukua sekunde 5 au zaidi, mwendo wake uko chini. Mama alichukua 6.8.

Kiti

Kigoda hakifai, ni kifupi mno, hata mimi nikiinuka hapo najisukuma kwa mikono. Tafuta kiti cha kawaida kisicho na mikono, chenye kimo cha kama sentimita 45. Cha plastiki ni sawa ila kinateleza na miguu yake inapinda, kwa hiyo kiegemeze ukutani na wewe usimame pembeni yake. Mzee akunje mikono kifuani, ainuke wima kabisa na kukaa, mara tano mfululizo bila kupumzika. Saa isimame anapokuwa amesimama mara ya tano.

Zaidi ya sekunde 15 ni ishara ya misuli iliyopungua. Akishindwa bila kujisaidia kwa mikono, usimlazimishe. Andika "hawezi". Hilo nalo ni jibu. Kwa mama ndilo nililoandika, nikakaa na kalamu mkononi muda kidogo.

Uzito

Kilo 4.5 kwa mwaka bila kukusudia, au asilimia 5 ya uzito wake, ni dalili. Tatizo ni kwamba hatujui alikuwa na kilo ngapi mwaka jana. Tazama daftari lake la kliniki, mara nyingi limeandikwa. Mizani ya karibu niliyopata ilikuwa ya mnunuzi wa alizeti. Mama aligoma: "Mimi gunia?" Alikubali baada ya mnunuzi mwenyewe kupanda kwanza. Kilo 46.

Kama hakuna mizani, zungusha futi kwenye sehemu nene ya mguu, kati ya goti na kifundo, akiwa amekaa. Chini ya sentimita 31 ni dalili kwamba nyama imeisha.

Uchovu, mkono na shughuli

Usiulize "umechoka?" Atasema hajambo, ndivyo tulivyolelewa. Uliza: "Wiki iliyopita, siku ngapi uliona kila kitu unachofanya ni mzigo?" Siku tatu au zaidi, weka alama. Nguvu za mkono hospitalini zinapimwa kwa kifaa maalumu. Nyumbani mpe kanga iliyolowa aikamue, ulinganishe na alivyokuwa akikamua zamani. Hicho ni kipimo cha jicho, usikitegemee peke yake. Shughuli zihesabu kwa vitu vya hapa: kuchota maji, kutwanga, kupalilia, kwenda kanisani au msikitini kwa miguu. Kipi amekiacha, na tangu lini?

Kabla hujaanza mazoezi

Tafuta kinachomla. Kikohozi cha wiki mbili na kukonda ni cha kupimwa kifua kikuu mara moja. Mwombe apimwe sukari, damu na shinikizo. Angalia meno. Angalia macho, maana ukungu wa mtoto wa jicho unamfanya mtu aburute miguu, na huku kwetu vikope (trakoma) vimeharibu macho ya wengi. Kule Kongwa watafiti walikaa miaka kadhaa wakichunguza vikope na jinsi kuosha uso kunavyosaidia.

Muulize pia kama ana huzuni. Mama alimzika dada yake mwaka ule, na hakuna aliyemuuliza analalaje.

Kama anatumia dawa za presha na anapata kizunguzungu akiinuka, apimwe amelala dakika tano, kisha amesimama, dakika ya kwanza na ya tatu. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, au ya chini kwa 10 au zaidi, mweleze daktari. Usimkatie dawa wewe. Kwa mama ilishuka 24, daktari akapunguza kidonge kimoja. Kizunguzungu cha asubuhi kikaisha ndani ya wiki.

Hapo kwenye hospitali kumbuka haki yake. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamtambua mzee kuanzia miaka 60, na wasiojiweza wanastahili matibabu bila malipo. Anza kwa mtendaji wa kijiji au mtaa kuulizia utambuzi wa wazee, na ukifika hospitali ulizia dirisha la wazee kabla hujapanga foleni.

Kumrudishia nguvu

Nilipokuwa namweleza kaka kwamba mama afanye mazoezi, alinicheka. Nikamwambia kwamba mwaka 1990 Maria Fiatarone na wenzake, Boston, Marekani, waliwafanyisha wazee kumi wa wastani wa miaka 90 mazoezi mazito ya miguu kwa wiki 8. Nguvu za mapaja ziliongezeka zaidi ya maradufu. Na mwaka 2014 yalitoka matokeo ya utafiti mkubwa wa Marekani wenye watu 1,635 wa miaka 70 hadi 89: waliotembea na kufanya mazoezi kwa mpangilio hawakupoteza uwezo wa kutembea mita 400 kwa wingi kama waliopewa masomo ya afya tu. Kaka hakucheka tena, ingawa hakusaidia pia.

Tuliyofanya ni haya. Kila baada ya siku moja, asubuhi kabla ya chai, kuinuka kwenye kiti. Wiki mbili za kwanza kwa kusukuma mapaja kwa mikono, mara tano, apumzike, tena mara tano. Alipozoea, mkono mmoja. Kisha bila mikono, nane, kumi. Ikiwa rahisi unaongeza mzigo: sasa anakumbatia mfuko wa sukari wa kilo moja. Baada ya kiti, anashika ukuta na kupanda kwenye ncha za vidole mara kumi, kisha anasimama mguu mmoja mbele ya mwingine akihesabu hadi kumi kwa Kigogo. Zikishauma nyama za mapaja siku ya pili, ndiyo sawa. Kiungo kikiuma, au kifua, au pumzi ikikata, aache.

Mazoezi bila chakula yanamkausha. Kiangazi mama alikuwa anakula ugali wa uwele na mlenda mchana na usiku, chakula kizuri ambacho sitamvumilia mtu akisema vibaya, ila mayai na maziwa alikuwa anawapa wajukuu. Wataalamu wa lishe ya wazee wanapendekeza gramu 1 hadi 1.2 za protini kwa kila kilo ya mwili kwa siku. Kwa kilo 46 ni kama gramu 46 hadi 55. Yai lina gramu 6, glasi ya maziwa 8, konzi ya karanga kama 7, bakuli la maharage kama 15. Mwenye ugonjwa wa figo aulize daktari kwanza. Magego mama hana, kwa hiyo karanga zinatwangwa na kuingia kwenye mlenda. Zichambue. Zenye ukungu au zilizosinyaa tupa, usiwape hata kuku. Mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa sumukuvu, sumu ya ukungu iliyokuwa kwenye mahindi, na karanga nazo zinaipata vilevile.

Wajukuu nao wakaongezewa mayai, la sivyo asingekula lake.

Lini uache kamba na kukimbilia hospitali

Upande mmoja wa mwili ukilegea ghafla au mdomo ukienda upande. Akianguka na nyonga ikauma au akashindwa kukanyaga. Akianza kuchanganyikiwa ndani ya siku moja au mbili, asikujue, aongee na waliokufa: watu huita uzee au huanza kutafuta mchawi, na mara nyingi ni maambukizi au kuishiwa maji mwilini.

Pima tena kila baada ya wiki 12, saa ileile, kiti kilekile, viatu vilevile. Andika tarehe. Daftari la mama, mara ya pili: mita 4 kwa sekunde 5.4, kiti mara tano bila mikono kwa sekunde 17.2, kilo 47.5. Bado yuko chini kwa mwendo na kwa kiti. Ila mlango haushiki tena.

Kipimo cha tatu tumekipanga baada ya mavuno ya uwele. Jirani yake ameshasikia, amekuja na kigoda chake, naye anataka kupimwa. Nimemwambia arudi akaazime kiti kanisani.