Mkate wa bia na jibini, bila hamira

Mkate huu haukandwi wala hausubiri kuumuka; ndani ya saa moja unatoka ovenini. Kinachouinua hasa ni beking pauda. Bia inaongeza gesi, uchachu kidogo na ile harufu ya shayiri.

Mahitaji
Unga wa ngano mweupe g 375
Beking pauda vijiko vya chai 3
Chumvi kijiko cha chai 1
Sukari kijiko cha chakula 1
Jibini ngumu aina ya cheddar g 150
Bia ml 350, isiwe ya baridi kali
Siagi g 60, iyeyushwe

Chupa ya kawaida ya Kenya na Tanzania ni ya ml 500, na hapo ndipo wengi wanapoharibu: wanaimimina yote, wanapata uji. Pima baada ya povu kutulia, maana povu linadanganya. Chagua bia nyepesi ya rangi ya dhahabu. Nyeusi inafaa pia, ila uchungu wake hujitokeza zaidi mkate ukiiva.

1. Washa oveni nyuzi 190 na uiache ipate moto kabisa. Paka siagi chombo cha mkate cha sm 23 kwa 13.

2. Chekecha unga, beking pauda, chumvi na sukari. Kama unga wako tayari una beking pauda, acha hiyo ya kwako, na chumvi weka nusu.

3. Kwaruza jibini kwa greta, upande wa matundu makubwa, kisha ichanganye kwenye unga mkavu. Ikipata vumbi la unga haishikani madonge.

4. Mimina bia na ukoroge kwa mwiko mara 15 hadi 20 tu. Rojo liwe zito, lenye mabuje, yaache. Ukikoroga hadi lilainike, unga unavutika na mkate unakuwa mgumu kama mpira.

5. Weka kwenye chombo, mwagia siagi juu, ingiza ovenini papo hapo. Rojo likikaa mezani dakika 20 gesi imeshatoka.

6. Oka dakika 45 hadi 50. Njiti itoke bila unga mbichi. Mafuta ya jibini yasikutishe. Acha dakika 10 kwenye chombo, utoe, na usikate kabla ya nusu saa nyingine. Ukikatwa wa moto, ndani unanata na utadhani haukuiva.

MASWALI

Mwalimu, sina oveni, nina jiko la mkaa.
Inawezekana. Tumia sufuria nzito yenye mfuniko, weka mchanga mkavu chini na chombo juu yake. Ipashe moto kwanza. Makaa machache chini, mengi juu ya mfuniko. Usifunue kabla ya dakika 35.

Asalaam aleikum. Sisi hatutumii bia, tufanyeje?
Waaleikum salaam. Weka maji ya soda yasiyo na sukari, kiasi kilekile, pamoja na kijiko cha chakula cha ndimu. Harufu itatofautiana, mkate utapanda. Na wanaosema kilevi chote huisha ovenini wanakosea, kiasi hubaki.

Niko Nairobi. Unapanda vizuri halafu unabonyea katikati.
Ni mwinuko, dada. Huko juu hewa ni nyepesi, gesi inatanuka haraka kabla unga haujashika. Beking pauda punguza iwe vijiko viwili na robo, moto uwe nyuzi 200. Ukibonyea tena, punguza bia vijiko viwili vya chakula.

Wangu haukupanda kabisa, na bia ilikuwa na gesi.
Jaribu beking pauda yako: kijiko cha chai kwenye nusu glasi ya maji ya moto. Isipochemka povu mara moja, itupe.

Majarini badala ya siagi?
Sawa, ila punguza chumvi, majarini nyingi zina chumvi tayari.